Kumpa mpangaji preavi (notisi ya kuondoka) Lubumbashi: barua ipi, tarehe ipi, mkononi mwa nani

Baba alipofariki alituachia lupango moja (kiwanja chenye nyumba) katika komini ya Katuba: nyumba kubwa mbele, vyumba vya kupangisha nyuma. Mpangaji wa chumba cha mwisho alikuwa amelimbikiza deni la miezi mitatu. Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alimkuta kwenye bomba la maji asubuhi, akamwambia mbele ya watoto: "Mwisho wa mwezi wa sita uondoke." Mwezi wa sita ukaisha, yule mpangaji akasema hajaambiwa kitu. Yaya akaleta fundi, akang'oa mlango wa chumba, akauegemeza ukutani.

Tulipofika kujieleza, makosa yote yalikuwa kwetu. Hatukuwa na barua wala tarehe wala shahidi. Mlango ulirudishwa kwa gharama yetu, na vitu alivyodai vimeibwa usiku ule tulivilipa. Deni lake la miezi mitatu hakuna aliyelitaja tena, naye akakaa miezi minane zaidi.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeandika barua za familia, na majirani nao huniletea zao. Nimeona wenye nyumba wenye haki kabisa wakishindwa kwa sababu ya karatasi moja. Preavi inashika ikiwa ni ya aina inayofaa, imetiwa sahihi na mwenye mamlaka, ina tarehe inayohesabika, na unaweza kuonyesha kwamba ilifika. Ikikosa kimojawapo, utaanza upya, na miezi mitatu mingine itapita.

Hatua ya kwanza: nyumba yako iko chini ya sheria ipi?

Mtu akiishi humo na familia yake, mnaongozwa na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, inayohusu pango lisilo la biashara. Hapo preavi ni miezi mitatu. Sheria hiyohiyo ndiyo inayosema garanti (amana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu, ingawa sote tunajua watu wanaodai sita au kumi.

Mtu akiuza, akinyoa, akichomelea vyuma au akifungua famasi humo, mambo ni mengine. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na pango la kazi na biashara linafuata sheria ya pamoja ya OHADA kuhusu biashara, iliyorekebishwa mwaka 2010. Preavi ya pango lisilo na tarehe ya mwisho ni miezi sita, na mpangaji ana haki nyingine ambazo nitazieleza hapo chini.

Wengi hujikwaa kwenye nyumba zenye sura mbili: chumba cha barabarani ni butike (duka), na nyuma yake familia inalala. Ziko nyingi pale komini ya Kenya karibu na soko na kando ya Chaussée de Kasenga. Soma mkataba wenu umeandika matumizi gani. Ikiwa ulikubali afungue butike, usimpe miezi mitatu ukitumaini hatajua. Mpe sita, maana hakuna aliyewahi kushindwa kesi kwa kutoa muda mrefu kupita kiasi.

Hatua ya pili: nani anatia sahihi?

Hapa ndipo familia nyingi za Lubumbashi huumia, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Ikiwa lupango ni lako na jina lako liko kwenye certificat d'enregistrement (hati ya umiliki), tia sahihi mwenyewe. Ikiwa uko Kolwezi au Ulaya na ndugu ndiye anayekusanya kodi, mwandikie procuration (barua ya uwakilishi) inayosema wazi kwamba anaweza kutoa preavi na kukuwakilisha ofisini na mahakamani. Kukusanya kodi peke yake hakumpi uwezo wa kuvunja mkataba. Barua yake itaje kwamba anaandika kwa niaba yako, na nakala ya procuration iambatanishwe.

Ikiwa mwenye lupango amefariki, kifo chake hakikuvunja mkataba. Mpangaji anabaki, na warithi wanachukua nafasi ya marehemu. Lakini si kila mrithi anayeweza kumwandikia. Code de la famille (sheria ya familia) ya mwaka 1987 inataka urithi usimamiwe na liquidateur, ambaye kwa kawaida ni mkubwa wa warithi au yule waliyemchagua wenzake. Sahihi yake ndiyo inayohesabika. Nimeona mpangaji mmoja akipokea barua tatu ndani ya mwezi mmoja: kaka mkubwa anataka atoke, dada anataka abaki aendelee kumlipa yeye, mtoto wa mama mwingine anadai chumba ni chake. Mpangaji alikusanya barua zote tatu kwenye bahasha moja, akazipeleka ofisini, na akabaki zake. Msimfukuze mtu kabla hamjakubaliana ninyi kwa ninyi. Kaeni kikao, andikeni procès-verbal (kumbukumbu za kikao) ya familia, kila mtu atie sahihi, halafu liquidateur aandike barua moja.

Na wewe uliyenunua lupango lenye wapangaji ndani: hukununua nyumba tupu. Mwenye mkataba wenye tarehe ya uhakika (iliyothibitishwa kiofisi), uliotangulia ununuzi wako, hafukuzwi kwa sababu tu nyumba imebadili mwenyewe. Omba mikataba yote kabla ya kulipa, kisha mjulishe kila mpangaji kwa maandishi kwamba wewe ndiye bayeri (mwenye nyumba) mpya.

Hatua ya tatu: chagua barua kulingana na sababu

Watu huita kila karatasi "preavi". Si kweli. Kuna barua ya kumaliza mkataba na kuna barua ya kumwonya mtu aliyekosa, na ukizichanganya unampa wakili wa mpangaji kazi rahisi.

Ikiwa unataka nyumba yako tu, labda kijana wako anaoa au unataka kukarabati, na mkataba hauna tarehe ya mwisho, barua ni preavi ya miezi mitatu. Mpangaji hajafanya kosa, kwa hiyo usijaze malalamiko. Sababu moja ya kweli inatosha.

Ikiwa mkataba una tarehe ya mwisho, usiukate katikati kwa sababu umepata anayelipa zaidi. Subiri tarehe, lakini usisubiri kimya. Mwandikie miezi mitatu kabla kwamba hutarudia mkataba. Ukinyamaza, tarehe ikapita, ukaendelea kupokea kodi, mkataba unakuwa umerudiwa wenyewe, safari hii bila tarehe ya mwisho.

Ikiwa halipi, barua ya kwanza ni onyo, mise en demeure. Itaje miezi anayodaiwa mmoja mmoja, kiasi cha kila mwezi na jumla, na siku unazompa kulipa. Kwa sheria yetu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 inayotumika hadi leo, upande mmoja ukishindwa kutimiza wajibu wake, mkataba unavunjwa kwa kuombwa mahakamani, na jaji anaweza kumpa mdaiwa muda wa kujipanga. Kwa hiyo onyo halimtoi mtu nje. Kazi yake ni kufungua mlango wa Habitat (ofisi ya komini inayoshughulikia makazi) na wa mahakama, na bila onyo hutakuwa na cha kuonyesha. Na ikiwa moyoni unataka deni lilipwe na mtu abaki, sema hivyo kwenye barua, weka na mpango wa malipo. Wapangaji wengi wazuri wamepotea kwa mwezi mmoja wa mshahara uliochelewa.

Kwa pango la biashara, onyo lina masharti makali zaidi. Linafikishwa na uisie (ofisa wa mahakama anayefikisha hati), au kwa njia yoyote inayothibitisha kwamba mpangaji amelipokea. Lazima litaje kifungu cha mkataba kilichovunjwa, na liseme kwamba asiporekebisha ndani ya mwezi mmoja mahakama itaombwa kuvunja mkataba na kumhamisha. Ukisahau kutaja hayo, barua ni batili, hata kama anadaiwa mwaka mzima.

Na ukitaka kumtoa mfanyabiashara asiye na kosa, kumbuka hili: akiwa ameendesha shughuli yake humo miaka miwili au zaidi kwa kufuata mkataba, ana haki ya kuurudia. Ukimkatalia, unaweza kudaiwa fidia, isipokuwa una sababu nzito dhidi yake, au unataka kubomoa na kujenga upya. Mkataba ukiwa na tarehe ya mwisho, yeye ndiye anayepaswa kuomba kuurudia, miezi mitatu kabla ya kwisha, nawe unatakiwa kumjibu mwezi mmoja kabla. Usipojibu, umekubali. Hiyo barua ya ombi ikikufikia usiitupe kwenye droo.

Hatua ya nne: hesabu siku

Hesabu kuanzia siku barua ilipopokelewa, si siku uliyoiandika. Barua iliyopokelewa tarehe 12 mwezi wa tatu inafika miezi mitatu tarehe 12 mwezi wa sita. Mimi huandika mwisho wa mwezi, yaani tarehe 30 mwezi wa sita. Siku kumi na nane hizo zinamaliza ubishi wote kuhusu hesabu, na kodi inalipwa mwezi mzima bila kukatwakatwa.

Angalia pia kalenda ya maisha. Masomo yanaanza mwezi wa tisa, na mvua zetu huwa nzito kuanzia mwezi wa 11 hadi wa tatu. Preavi inayoisha mwezi wa saba inamkuta mpangaji kwenye ukavu, watoto wako likizo, na anapata nyumba nyingine kwa urahisi. Ile inayoisha katikati ya mwezi wa kwanza inamkuta amelipa shule ya karibu, na godoro litapita kwenye mvua. Huyo ndiye atakayegoma. Sheria haikulazimishi kufikiri hivi, mimi nakuomba ufikiri hivi.

Hatua ya tano: andika

Ukurasa mmoja unatosha. Ofisi zetu zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo wengi huandika Kifaransa, lakini ikiwa mpangaji wako hasomi Kifaransa mwandikie na Kiswahili, karatasi zote mbili zitiwe sahihi. Mtu asiyeelewa barua hawezi kujipanga. Mfano ninaoutumia ni huu:

"Lubumbashi, tarehe 10 mwezi wa tatu.
Kwa Papa (jina, postnomu na prenomu), mpangaji wa chumba cha nyuma, lupango namba …, avenyu …, kartie …, komini ya Katuba.
Jambo: preavi ya miezi mitatu.
Papa, mimi (jina kamili), liquidateur wa urithi wa marehemu (jina), nakujulisha kwamba tunamaliza mkataba wa pango tulioutia sahihi tarehe … Nyumba inahitajika kwa makazi ya mtoto wa familia. Unapewa preavi ya miezi mitatu kuanzia siku utakapopokea barua hii. Tunakuomba ukabidhi nyumba na funguo ifikapo tarehe 30 mwezi wa sita. Mpaka siku hiyo utaendelea kulipa kodi kama kawaida. Garanti yako ya … itarudishwa siku ya makabidhiano, baada ya kukagua nyumba pamoja.
Nakala: ofisi ya Habitat ya komini, shefu wa kartie."

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye mkataba. Ikiwa mume na mke wote walitia sahihi, taja wote wawili. Kiasi kiwe kwa sarafu ileile ya mkataba. Usitishie, usitukane, usitaje mambo ya uchawi au ya wageni wanaokuja usiku. Barua hiyo itasomwa na watu ambao hawamjui mpangaji wako wala wewe, na watakupima kwa maneno yako.

Hatua ya sita: fikisha, na upate ushahidi

Chapa nakala nne: ya mpangaji, ya Habitat, ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), na ya kwako. Ile ya kwako ndiyo yenye thamani kubwa. Chini yake mpangaji aandike kwa mkono wake mwenyewe "Nimepokea", tarehe, saa, jina na sahihi. Tarehe aandike yeye, maana ukiijaza wewe atasema uliijaza baadaye.

Nenda mchana, siku ya kazi, na mtu mzima mmoja mwenye heshima. Bisha hodi, kaa ukikaribishwa, eleza kwa mdomo kilichoandikwa, halafu toa kalamu. Wengi hutia sahihi wakielezwa kwa adabu kwamba kupokea si kukubali, ni kuonyesha tu kwamba barua imefika.

Usipomkuta, mke wake au ndugu mtu mzima anayeishi naye anaweza kupokea, mradi aandike jina lake na uhusiano wake na mpangaji. Usimpe mtoto. Usiiingize chini ya mlango ukaondoka.

Akikataa kutia sahihi, usibishane. Rudi na shefu wa kartie au mjumbe wake, pamoja na mashahidi wawili. Barua isomwe mbele yake, iachwe, na kwenye nakala yako iandikwe: "Amekataa kutia sahihi, tarehe fulani, saa fulani, mbele ya…", kila shahidi atie sahihi. Ikiwa unaona kesi itafika mbali, au nyumba ni ya biashara, lipa uisie kuanzia mwanzo. Ataandika hati yake, na ni vigumu sana mtu kuikana. Gharama yake iko chini ya kodi utakayopoteza ukirudia preavi.

WhatsApp? Itumie kukumbushia, na uhifadhi majibu yake, maana "nimeona barua mukubwa, nipe hadi mwezi wa saba" ni jibu linalosaidia sana. Lakini barua yenyewe iwe karatasi.

Hatua ya saba: miezi mitatu inapokwenda

Pokea kodi, na kila risiti iandike: "kodi ya mwezi wa nne, ndani ya muda wa preavi iliyopokelewa tarehe 12 mwezi wa tatu." Risiti isiyo na maneno hayo inaweza kuonyeshwa baadaye kama ushahidi kwamba mlianza pango jipya. Na tarehe ya mwisho ikishapita, usipokee kodi ya mwezi mwingine bila karatasi inayoeleza ni ya nini.

Kuhusu garanti: kwa kuwa mara nyingi ni miezi mitatu na preavi ni miezi mitatu, huku kwetu wengi hukubaliana mpangaji "ale garanti" na asilipe kodi tena. Mkikubaliana hivyo andikeni na mtie sahihi wote wawili, mtaje na bili za SNEL na REGIDESO (umeme na maji) zitalipwa na nani. Bila maandishi, yeye atasema amekula, wewe utasema anadaiwa.

Mpangaji akikuomba mwezi mmoja wa ziada, na hauumii, mpe. Lakini umpe kwa barua yenye tarehe mpya, iliyosema kwamba preavi ya kwanza bado inasimama.

Usikate umeme, usifunge maji, usibadili kufuli, usiezue mabati. Kuingia kwa nguvu au kwa kuvunja kufuli kwenye nyumba anamoishi mtu ni kosa la jinai katika code pénal yetu, hata kama nyumba ni yako na certificat iko mkononi. Makazi ni yake mpaka atakapotoka. Mlango ule wa Katuba ulitufundisha.

Hatua ya nane: tarehe imepita na bado yumo

Beba mkataba, nakala ya preavi yenye "nimepokea", risiti na hati ya lupango, uende ofisi ya Habitat ya komini yako. Sheria ya 2015 inataka usuluhishi upite hapo kwanza kabla ya mahakama. Mtaitwa nyote wawili. Nenda ukiwa tayari kusikia, maana kesi nyingi huishia hapo kwa wiki chache za nyongeza na sahihi mbili. Mkishindwana, omba procès-verbal de non-conciliation (hati kwamba usuluhishi umeshindikana), ambayo ndiyo tiketi yako ya Tribunal de Paix, wengi tunaiita Tripaix. Ukienda Tripaix bila hiyo karatasi, utarudishwa.

Mahakamani mpangaji anaitwa kwa hati inayofikishwa na uisie, na kwa kawaida anapewa siku nane kamili kabla ya kufika. Omba mambo yako yote kwa pamoja: kuvunjwa kwa mkataba, kuhama kwake na kila anayekaa humo kwa jina lake, na deni lote hadi siku ya kutoka. Hukumu ikitoka na kuwa tayari kutekelezwa, anayemhamisha mtu ni uisie, akisindikizwa na polisi ikibidi. Vijana wa kartie hawana nafasi hapo, wala askari rafiki yako anayekuja bila karatasi.

Siku ya funguo

Anayetoka kwa hiari anastahili makabidhiano mazuri. Pitieni chumba kwa chumba na daftari: vioo, kufuli, soketi, bomba, choo, rangi ya ukuta. Someni mita ya umeme pamoja na muandike namba zake. Toa bili, ondoa kinachodaiwa, mhesabie garanti yake mbele ya shahidi mmoja, naye aandike kwamba amepokea kiasi gani na kwamba amekabidhi funguo ngapi. Funguo zihesabiwe kweli. Kwetu zilirudi mbili kati ya tatu, na tulibadili kufuli jioni ileile, chumba kikiwa tayari ni chetu.